Kibandiko cha Semeni

Tetesi ilimganda Mama Semeni tangu sokoni: eti kuna mwanamke aliyenunua picha ya majani ya mlonge aliyoichora Semeni, akaitundika juu ya kitanda, akaacha kumeza vidonge vyake vya presha.

Sasa mama na binti walikuwa wameketi mbele ya Bwana Mkama, mwenye jumba la picha. Kwa miaka mitatu Semeni alikuwa akimwomba amweke miongoni mwa wachoraji wake.

"Nazichukua picha zote," alisema Bwana Mkama. "Ila kila moja ibandikwe hiki."

Kibandiko kiliandikwa: *Picha Zinazoponya*.

"Zimemponya nani?" aliuliza Mama Semeni.

"Si huyu mwanao, mama? Mtazame alivyonawiri!"

"Huyu alipona kwa sindano, baba. Miezi minane mizima. Majani alikuwa akiyachora kitandani ili asilie."

"Mama, tafadhali," Semeni alinong'ona. "Nafasi hii sitaipata tena."

"Aliyenunua ile ya mlonge ameacha vidonge, mwanangu. Nimesikia tu. Lakini je, ikiwa kweli?"

Semeni akakigeuza kile kibandiko, akaandika nyuma yake polepole, akamsogezea Bwana Mkama.

"Ukinichukua, nichukue na maneno haya."

Bwana Mkama alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti:

Usikwangue rangi.
Usiichemshe.
Usiilaze picha chini ya mto wa mgonjwa.
Usiache vidonge.
Usimwambie mgonjwa asubiri imponye.