Maganda Yaliyong'aa

Clarrie alikuwa ameshawasha pikapu, mbwa wake kakaa kiti cha mbele, na nyuma risasi hamsini za kuwindia kangaruu nilizomjazia mimi katika maganda yaliyokwisha kutumika.

"Mzee, maganda hayo unayatazama hivyo, unataka kuyaoa?"

"Nenda zako. Ukikosa leo usisingizie risasi zangu."

Akacheka, akaondoa gari.

Nilibaki na maganda sita matupu ya fungu lilelile la risasi zake, yaliyokwisha kupigwa mara nyingi. Nikaingiza waya uliopinda ncha ndani ya moja, kupapasa kama limelika. Karibu na kitako ukanasa. La pili, ukanasa. Ganda likilika hapo hukatika ndani ya bunduki, na moto humrudia mpigaji usoni.

Kwa kawaida nje hutokea mstari unaong'aa, ukakuonya. Lakini Clarrie alipenda maganda safi, nami nilikuwa nimeyasugua kwa mashine mpaka yakang'aa mwili mzima. Yale yake sikuyatia waya.

Nilikimbia nikipunga mikono. Getini naye akanipungia, akashika njia.

Clarrie sasa anaishi kwa dada yake Toowoomba, haoni. Mbwa alikwenda naye. Mimi nilihama Queensland bila kuulizwa neno, maana aliwaambia polisi kwamba risasi alijaza mwenyewe.