Mapaa Mawili, Upenu Mmoja

Kwenye skrini ya mchoraji nyumba ilipendeza, mpaka ulipoigeuza na kuitazama kwa chini. Hapo ndipo aibu yake ilipoonekana. Paa kubwa, lenye mteremko mkali, lilishusha upenu wake chini kuliko upenu wa paa dogo lililofunika chumba cha ubavuni. Pale yalipokutana kwenye kona palibaki mwanya wa kupitisha kiganja.

"Mteja anataka upenu ulingane pande zote," mumewe alisema, kofia ya ujenzi kwapani. Aliinama kwanza ndipo akaingia, kama alivyofanya kwenye kila mlango maishani mwake. "Na chini pafunikwe, pasibaki tundu. Hawataki popo."

"Si anipigie mwenyewe?"

"Yuko safarini huyo. We chora tu, mke wangu. Nani kama wewe?"

Mchoraji akacheka. Yeye alichora ramani, mumewe akasimamia mafundi, na riziki yao yote ilitoka humo. Tatizo lenyewe alilijua. Paa kali hushuka haraka, paa la taratibu huchelewa. Ukitaka yalingane, ama unapandisha ukuta wa paa kali, ama unafupisha upenu wake. Aliamua kufupisha.

"Na hiki chumba cha ubavuni ni cha nani? Kina mlango wake, kina choo chake, hakina hata ngazi."

"Cha mama mkwe. Mteja anamchukua mama wa mkewe akae nao." Mume alishika njia ya bafuni, akafungulia maji.

Lilimchoma hilo. Yeye alikuwa amembembeleza mumewe miaka nenda miaka rudi wamchukue mama yake, na jibu lilikuwa lilelile: nyumba yetu ndogo, tutabanana. Kumbe wako wanaume wa kuwajengea wakwe zao!

Aliendelea na vyumba vya ndani. Milango mteja aliitaka mirefu kupita kawaida, ila meza ya jikoni aliitaka fupi, kama ya shule ya watoto. "Mume twiga, mke sungura," alijisemea, akatabasamu peke yake.

Kisha akafika kwenye chumba cha kulala. Vipimo vya kitanda vilikuwa vimeletwa kabisa, ili nafasi iachwe ya kutosha. Alivisoma mara ya pili. Akainuka, akachukua tepu, akaenda kupima kitanda chao wenyewe. Hicho hakikununuliwa dukani. Kilichongwa kwa oda, kwa sababu hakuna duka lililouza kitanda ambacho miguu ya mumewe haikuning'inia nje.

Vipimo vilikuwa vilevile.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, tepu mkononi. Alijiona mjinga wa mwisho. Amempangia mwanamke mwenzake jiko, amemfungulia dirisha upande wa upepo, tena kwa mapenzi yote! Pengine yeye angekuja kumsamehe huyo mwanamke siku moja, binadamu ni binadamu. Lakini kile chumba cha ubavuni! Mama yake yeye hakupata hata kona, na mama wa huyo kimada anajengewa chumba chenye choo.

Alirudi kwenye kompyuta. Upenu alikuwa ameshausawazisha, kona imefungwa vizuri, kazi safi. Akaifungua tena. Aliurudisha ule mwanya, palepale juu ya chumba cha mama mkwe, kisha akaurefusha ubao wa mbele ili uufiche. Ukiitazama nyumba kwa mbele, kila kitu kilikuwa sawasawa. Mpaka usimame chini yake uangalie juu, na mumewe hakuwa mtu wa kuigeuza ramani. Akipewa na mkewe, alikuwa akiipokea kama ilivyo.

"Alale na popo wake," alisema kwa sauti.

Asubuhi aliituma kwa mafundi. Mumewe alimbusu kwenye paji la uso, akamshukuru. Yeye akachukua mkoba wake, akaenda kwa mama.

Mama ndiye pekee aliyebaki wa kumlilia. Baba alikwisha kufa, na mdogo wake wa kike, kitinda mimba aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga, siku hizi hakushikika, kutwa yuko kazini mji wa pili. Mama alikuwa peke yake sebuleni. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani, na juu yake kimefungwa kile kigoda ambacho mdogo wake alikuwa akikipanda kufikia kabati la vyombo.

"Napunguza vitu tu," mama alisema. "Nyumba imejaa. Una nini, mwanangu?"

Akapiga magoti, akauficha uso kwenye mapaja ya mama kama alipokuwa mdogo.

"Mume wangu ana mwanamke, mama. Anamjengea nyumba. Na ramani nimechora mimi, kwa mkono wangu huu!"

Alilia mpaka kwikwi ikamshika. Mama hakuuliza mwanamke huyo ni nani. Alimpapasa mgongo taratibu, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Na hiyo ramani," hatimaye aliuliza, "umeshaipeleka kwa mafundi?"

"Nimeituma leo."

Mkono wa mama ukasimama.

"Pale yanapokutana yale mapaa mawili, umepaziba lakini? Maana mdogo wako ameniapia, chumbani kwangu hataingia popo hata mmoja."