Tepe Tatu za Hamdani

Wewe umewahi kumwona mtu akishona huku akitabasamu peke yake? Ndivyo alivyokuwa Mwatumu siku ile mumewe, Hamdani, alipopewa ruhusa ya siku moja kutoka vitani. Alikuja na tepe tatu mpya mfukoni, maana amekuwa sajini, na lori la kumrudisha lilikuwa liondoke adhuhuri.

Mwatumu alizishona kwenye mikono ya shati lake la jeshi kwa mshono mdogo mdogo, kama wa kofia ya Idi. Alishukuru kwa cheo, akashukuru zaidi kwamba mikono ya kukivaa ilirudi yote miwili.

Jirani yake, Bi Chausiku, akachungulia uani. "Mke wa sajini! Sisi tukupigie saluti au tukuamkie tu?"

"Piga saluti, halafu uniletee maji," akajibu Mwatumu, wakacheka.

Alipomaliza akalikung'uta shati, akampa mumewe. Hamdani akauma mdomo asicheke. Ncha za tepe zilielekea juu, kama paa la nyumba.

"Mama Nuru," akamwambia mkewe, "ncha zake huelekea chini."

"Chini? Mtu amepanda cheo, tepe zishuke?"

Honi ya lori ikalia barabarani. Mwatumu akaanza kufumua, machozi yakimlenga. "Wenzako wangekucheka! Kwani huko kambini hakuna fundi?"

"Yupo." Hamdani akakaa kando yake, kifua wazi, akamshikia shati lisicheze. "Hizi nimezibeba mfukoni miezi miwili. Nilitaka zishonwe na mkono wako."