Mkungu Uliosingiziwa Kifo

Mti wa mkungu pale sokoni ulipopukutisha majani yake mekundu, ukabaki na moja tu, Bwana Fumbwe wa halmashauri alitangaza, kwa huzuni ya kiserikali, kwamba umekufa. Msumeno wa moto ukawashwa.

Bi Mwanakheri, aliyeupiga picha mti huo kila asubuhi kwa simu yake yenye ufa, akajipenyeza mbele.

"Mwaka jana, tarehe kama ya leo. Uchi hivihivi." Akatelezesha kidole. "Wiki tatu baadaye. Kivuli tele!"

"Bibi, mti mfu ni mti mfu."

"Haya, mwanangu." Akamgeuzia simu aione picha. "Na huyu anayekoroma chini yake saa za kazi ni nani?"

Soko zima likaangua kicheko. Fundi akauzima msumeno bila kuagizwa. Jani la mwisho likadondoka taratibu, likatua kwenye upara wa Bwana Fumbwe, na Bi Mwanakheri akainua simu.