Mnana na Waya wa Umeme

Mti wa Mnana, ndege hodari wa kufuma viota, ulikatwa ili nyaya za umeme zipite. Fuko akamshauri, "Chimba shimo, dada." Bata naye akasema, "Hamia majini." Mnana akachimba mpaka mdomo ukamuuma, akakaa majini mpaka akapata mafua.

Kwa hasira akamwendea Konokono, asiyejua haraka.

"Haya, na wewe niambie nibebe nyumba mgongoni!"

"Mgongo ni wako, sijui unakuuma wapi," Konokono akajibu. "Nieleze."

Mnana akaeleza, akalia, akaeleza tena. Konokono hakumkatiza.

"Kumbe wala siulilii mti," Mnana akasema mwishowe. "Nataka tu kitu chembamba cha kuning'iniza kiota, nyoka asifike." Akautazama waya juu yake.

Akaanza kufuma papo hapo. Upepo ukaangusha nyasi zake, akafuma upya. Ukaangusha tena, akafuma tena, mpaka kiota kikashika.

Fuko na Bata wakaja mbio. "Konokono alikushauri nini?"

"Hakunishauri chochote," akasema Mnana. "Nyinyi mlinijibu kabla sijamaliza kusema. Yeye alinisubiri mpaka nikajijibu mwenyewe."