Mwadi Aende Kwanza Kambove

"Panda, mama, panda! Taxi itakuacha!"

Kabamba alimsukuma mkewe kwenye kiti cha nyuma, akamtupia mapajani kifurushi cha nguo za kichanga, kisha akaubamiza mlango mwenyewe.

"Suzanne alizala tangu mwezi yenye ilipita," Mwadi alisema dirishani. "Hii haraka ya leo inatoka wapi?"

"Dada ni dada. Umusalimie muzuri. Ulale kule kule!"

Gari likaondoka kuelekea Kambove, na Kabamba akashusha pumzi.

Msimdhanie vibaya. Alimpenda mkewe. Tatizo lilikuwa mdomo wa mkewe. Pasta wao aliwafundisha kwamba mdomo huumba: ukijiita maskini, umejifunga kamba mwenyewe. Basi Mwadi akalishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Homa ikimtetemesha pamoja na kitanda, yeye ni mzima. Unga ukiisha, nyumba imejaa. Mwaka jana watu wa msaada walipopita na magunia ya unga, aliwapokea kwa wimbo: "Siye tulishashiba kwa jina la Yesu!" Gunia likavuka ua, likaingia kwa jirani. Jioni hiyo harufu ya bukari, ugali wa unga ule ule, ilipita juu ya ukuta, na Kabamba akameza mate. Loo, aliyameza!

Lakini unga ni unga tu. Safari hii ilikuwa Emmanuella, binti yao wa pekee. Shule ya msingi amesoma bure, akamaliza na alama zilizomfanya baba yake atembee kifua mbele. Sekondari nayo ina karo, na kuvunja mawe ya chokaa kule Kakontwe kulikuwa hakujazi hata sufuria. Ulikuwepo mradi mmoja wa kusomesha watoto wa maskini. Mkuu wa shule alikwisha kupeleka jina la Emmanuella, na sasa wageni wa mradi walikuwa wameanza kuonekana mtaani, wakipiga hodi. Wakimkuta Mwadi mlangoni, basi tena. Mtoto ataenda kuuza karanga sokoni, na akili zote zile zitaishia kwenye karanga.

Uongo haukuhitajika hata chembe. Umaskini wenyewe ulikuwepo wa kutosha, ulitaka tu kuachwa useme. Kabamba alifagia, akamwekea mgeni kiti kizima, yeye akajiwekea kile cha miguu mitatu, akangoja.

Kabla jua halijawa kali, hodi ikapigwa. Alikuwa Madame Tania wa mradi, viatu vimejaa vumbi, uso mkunjufu.

"Mama Mwadi iko?"

"Aiko, madame. Alienda Kambove, dada yake alizala. Lakini miye baba niko. Ikala, ikala."

"Ah! Njo yeye mwenyewe nilikuya kuona." Alitazama pazia la chumbani kana kwamba Mwadi angechomoza. "Atarudia leo?"

"Hapana leo!" Kabamba alijibu upesi mno, akajirekebisha. "Maneno yote ya hii nyumba, madame, miye njo nayijua."

Akaanza. Jamani, siku hiyo alisema! Alionyesha bati linalovuja na sufuria inayokinga maji yake. Alionyesha viganja vilivyochanwa na mawe. Alieleza juu ya siku ambazo wanakunywa maji, wanaomba, wanalala. Emmanuella alipoleta kikombe cha maji kwa mgeni, baba akaonyesha kandambili zake zilizoshonwa kwa waya. Mtoto akaona haya, akakimbilia nje. Kabamba hakuwahi kuyasema mambo yale yote kwa mkupuo mmoja, na hakuna hata moja aliloongeza chumvi.

Madame Tania hakuandika kitu. Tabasamu lilikuwa limemtoka zamani. Huruma imemshika, Kabamba aliwaza, kaza hapo hapo.

"Papa," mgeni aliuliza polepole, "hii yote ni ya zamani, ao ni mpaka leo?"

"Mpaka leo! Mpaka hii asubui! Ata chai haikupita hapa."

"Na masomo ya Emmanuella? Hakuna muntu mwenye alilipa? Muyomba? Bantu ba kanisa?"

"Nani, madame? Tuko na Mungu, na nyinyi. Basi."

Madame Tania alivua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kabamba nusura aruke. Amemliza mgeni! Yeye, mvunja mawe, ambaye nyumbani hapewi nafasi ya kumaliza sentensi! Aliibariki kimoyomoyo barabara ya Kambove pamoja na mashimo yake yote.

"Papa Emmanuella," alisema mgeni, "sijui nikuambie namna gani." Alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Mutoto yako njo tulichagua wa kwanza, ata kuuliza hatukuuliza. Halafu juma yenye ilipita Mama Mwadi alikuya ku biro ya mradi, anaimba, anacheka, akatuambia karo ilishalipiwa yote mpaka diplome, tupatie ile nafasi mutoto mwingine. Tulishapatia, Papa, na leo nilikuya tu kumushukuru."