Mplamu wa Mzee Ngiri

Hebu niambie, umewahi kudaiwa uzoefu wa kazi ambayo hakuna aliyekuruhusu uianze?

Mzee Ngiri alinunua mche wa plamu, akatangaza kazi ya mtunza bustani. Fuko akafika na digrii ya miti ya matunda, aliyoisotea miaka minne.

"Una uzoefu?" Ngiri akauliza.

"Bado, mzee. Ila aina hii haizai ikiwa peke yake. Panda na mplamu wa aina nyingine karibu, ichanue pamoja, nyuki wabebe chavua."

"Theory tupu hiyo, kijana. Next!"

Akaingia Kindi, shemeji yake Ngiri. "Mimi nina miaka mitano kwenye plamu, shem."

"Ukifanya nini?"

"Kula."

"Huyu ndiye. Ana experience."

Kindi akapanda mche mmoja katikati ya ua. Mwaka wa tatu mti ukachanua, mweupe pe. Mwaka wa nne ukachanua tena. Plamu, hata moja ya kulambia.

Ngiri akamwita Fuko. Fuko akarudia maneno yaleyale, neno kwa neno.

"Kumbe ulikuwa na point!" Ngiri akasema. "Basi tutapanda mti wa pili. Hiyo ni kazi nyeti, inataka mwenye uzoefu wa miaka tisa."

Aliyekuwa nayo ni Kindi: mitano ya kula, minne ya kumwagilia maua.

"Hongera, shem," akaambiwa.

Nanyi mnaoajiri, huo mwaka wa kwanza wa uzoefu mmeukalia nyinyi. Inukeni, mtupe.